Stempu ya Hati ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imepiga leo saa nane mchana, na paa langu halikungoja kukaribishwa. Limeanza kuvuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya rafu. Nimehamisha majalada yangu saba ya stempu kabla sijagusa godoro. Jirani wa chumba cha pili alikuja kuazima ndoo, akanikuta nimeyakumbatia. "Mzee, nyumba hii ikiungua utatoka na hayo madaftari, suruali utaiacha ndani," akasema, akacheka mpaka akasahau ndoo.

Nimeamua kuandika kila siku mpaka mvua zikatike. Nina kitabu kikubwa tupu nilichopewa masijala siku ya kustaafu, na marehemu mke wangu, ambaye ndiye niliyekuwa namlalamikia, hayupo miaka mitatu sasa. Kitabu kina faida moja, hakinikatizi.

Kwa kuwa naandika vizuri, niandike kila kitu. Stempu zangu si za barua. Ni stempu za ushuru, vile vikaratasi ambavyo serikali ilikuwa inauza zamani vibandikwe kwenye risiti na mikataba. Mtu alitakiwa aweke sahihi juu ya stempu, nusu ya jina ikae kwenye stempu na nusu kwenye karatasi, ili asije mjanja akaibandua akaitumia tena. Siku hizi hakuna, kila kitu mashine inachapa. Mimi nilikuwa karani wa masijala miaka thelathini na mitano, na kila mwaka mafaili yaliyopitwa na wakati yalipelekwa kuchomwa. Kabla hayajachomwa niliyavua stempu: mvuke wa birika, kibano, beseni la maji ya vuguvugu, halafu gazeti la kukaushia. Wino wa sahihi unatoka taratibu kwenye maji, stempu inabaki safi kama ilivyotoka kiwandani. Nazipenda safi. Sahihi ya mtu nisiyemjua ya nini?

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimekula kiporo.

Jumamosi, 8 Machi

Jumamosi ni siku ya fundi saa. Ana kibanda kando ya ofisi ya mapato, na ndiye mtu pekee mjini anayekusanya kama mimi. Kwa ukweli namwona mkusanyaji wa ovyo. Zake amezipanga kwenye bahasha kuukuu, nyingi zina sahihi na madoa ya chai, na yeye anasema hayo madoa ndiyo utamu wake.

Leo sikumkuta na kioo chake jichoni. Nilimkuta amejiinamia, na bahasha zote hazipo mezani.

"Karani, umeona tangazo?"

"Tangazo gani?"

"Hapo ukutani kwa hawa mabwana wa mapato. Wameandika, ni kosa mtu kupatikana na stempu iliyoondolewa kwenye hati."

Nilitoka na mwavuli kwenda kusoma mwenyewe. Lipo. Limebandikwa kwa gundi mbovu, kona moja imeshainuka. Nikarudi nikamwambia hizo ni habari za stempu zinazotumika, sisi tunakusanya vitu vilivyokufa, nani ataiibia serikali kwa stempu isiyouzwa tena?

"Sheria haiulizi kama una akili, Karani. Inauliza kama unayo."

"Basi zichome."

"Nizichome? Miaka yote hii?" Akainua macho. "Nitakwenda kuwauliza."

Nikamwambia asithubutu. Mtu hajipeleki mwenyewe mdomoni mwa mamba. Akarudisha kioo jichoni, na nikadhani nimemshinda.

Jumanne, 11 Machi

Dada yangu ameniita. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mitano, ana sabini na moja, bado anashona nguo kwenye cherehani ileile ya miguu, na bado ananiita Kibano mbele za watu. Anaishi kwenye nyumba aliyotuachia Baba. Nisiseme aliyotuachia, aliyomwachia yeye. Yeye ndiye aliyemuuguza miaka minne, akamgeuza kitandani, akamlisha. Mimi nilikuja Jumapili na machungwa. Kwa hiyo Baba alisema nyumba ni ya binti yake, na mimi nikasema sawa, na sikuwa sawa.

Nilimkuta amesimama mlangoni amejishika kiuno. Asubuhi alikuja mwanamume na gari na kamba ya kupimia. Anasema yeye ni mjukuu wa yule aliyemuuzia Baba kiwanja. Anasema babu yake hakuuza, alimpangisha tu, na sasa warithi wanataka chao.

"Nimemwambia mkataba ninao," Dada akasema. "Kanijibu, tutaonana mahakamani. Mtoto mdogo vile, hata shikamoo hana."

"Mkataba uko wapi?"

"Upo kwenye kopo la biskuti. Tangu Baba afariki sijaugusa. Nitampelekea wakili kesho."

Nilikunywa maji glasi mbili. Dada akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni miguu.

Hapa niandike kweli, maana humu ndimo nilimoahidi kuandika kila kitu. Wiki ile tulipomzika Baba nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilibaki peke yangu nyumbani mchana mmoja, nikafungua lile kopo. Juu ya hati ya mauziano kulikuwa na stempu ya zambarau, ile kubwa, ambayo hata masijala nilikuwa nimeiona mara moja tu. Nilijiambia, Dada amepata nyumba nzima, na mimi nipate hiki kikaratasi. Nikachemsha birika. Sahihi ya Baba ilianza kwenye karatasi ikamalizikia kwenye stempu. Nusu ya mwanzo ilibaki kwenye hati. Ile nusu ya mwisho niliitia kwenye beseni kama nyingine zote.

Iko ukurasa wa kwanza wa jalada la kwanza. Ni safi kabisa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelifungua jalada la kwanza, nikalifunga.

Jumamosi, 22 Machi

Fundi saa amekwenda kuwauliza! Nilimkuta anapiga mluzi, bahasha zimejaa meza nzima.

"Nilimpata mama mmoja mtu mzima, mstaarabu. Nikamwambia, mama, mimi nakusanya stempu za zamani, je, mimi ni mhalifu? Kacheka. Kasema kukusanya si kosa. Stempu zilizoacha kutumika ukizipata kwenye takataka, kwenye bahasha, kwa kupewa, kaa nazo ufe nazo. Kosa ni mawili." Akanyoosha vidole vyenye grisi. "Kuibandua kwenye hati ya mtu ili hati ibaki uchi. Na kuosha sahihi ili ionekane mpya. Hapo ndipo wanapokushika."

"Kuosha?"

"Kuosha, Karani." Akanitazama kidogo, kisha akageukia saa ya mteja. "Ndiyo maana mimi nimekuwa nakwambia zinapendeza na sahihi zake."

Hajawahi kuniambia hivyo kwa sababu ya sheria, aliniambia kwa sababu ya uvivu. Lakini ndiye aliyekwenda kuuliza, na mimi ndiye niliyemkataza. Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, mwavuli nimeusahau kwake.

Nimehesabu. Katika majalada saba, zisizooshwa ni kumi na moja.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeota upele wa unyevu kwenye vidole. Barabara ya chini haipitiki.

Alhamisi, 10 Aprili

Dada amekuja kwangu mwenyewe, kwenye matope, na viatu mkononi. Alikuwa ameifunga hati kwenye mifuko mitatu ya nailoni.

"Paa langu limekuwa chujio," akasema. "Jana maji yameingia mpaka kwenye kopo. Kaa nayo wewe. Kwako karatasi hazilowi."

Tumepangiwa kusikilizwa tarehe kumi na mbili Mei. Wakili wake ni binti mdogo, nilimwona mara moja, anatembea na viatu vya mvua na mafaili yake ni nadhifu. Nilimheshimu kwa mafaili. Dada alikaa kitandani kwangu akafuta miguu na kitambaa.

"Yule binti kaitazama kila upande. Kaniuliza habari ya kile kidoa cheupe hapo juu, pale palipokuwa na stempu. Nikamwambia labda panya. Sasa yeye anasema ..."

"Umepata vifungo vya ile sare ya shule?" nikamkatiza.

"Vifungo?" Akashangaa. "Nimepata. Nakwambia wakili anasema ..."

"Mawakili wana maneno mengi. Kunywa chai, koo lipoe."

Akanitazama vile anavyomtazama mteja aliyenenepa na anadai vipimo vya zamani. Akanywa chai. Hakurudia tena. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka kwenye kona, akanishika bega apite dimbwi, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Nilikuwa sijui kama Dada amezeeka. Miaka yote nimemwona kama mtu aliyenizidi, katika chakula, katika maneno, katika kupendwa na Baba. Leo nimeona bibi kizee anayeogopa kutolewa nyumbani kwake.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeifungua hati. Pale juu kuna mraba mweupe, na ubavuni mwake jina la Baba limekatika katikati. Herufi ya mwisho inaishia pembeni mwa ule mraba kama mtu aliyefika mlangoni akakuta pamefungwa.

Kila siku kwa miaka thelathini na mitano nimesikia wakubwa wangu wakisema hati isiyo na stempu si hati. Ninajua watakachomwambia Dada.

Jumamosi, 19 Aprili

Sikwenda kwa fundi saa. Nilimtuma jirani aniletee mwavuli, akakuta kibanda kimefungwa.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Mchana nilivaa koti nikaenda mpaka ofisi ya wakili nimwambie. Nilifika ngazini. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza nataka nini. Nikamwambia najikinga mvua. Akaniletea kiti, maskini, nikakaa kwenye kiti cha uongo nusu saa.

Nikikiri, nimejitia kwenye makosa yote mawili ya yule mama wa mapato. Watayachukua majalada. Na Dada atajua. Hilo la tatu ndilo linalonirudisha nyumbani kila mara.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeirudisha.

Nimefanya kazi kuanzia asubuhi mpaka alasiri, mvua ikipiga bati, sikusikia njaa. Kwanza nimetoa cheti changu cha darasa la nne, ambacho Baba alikisaini nyuma, nikaiiga sahihi yake kwenye gazeti mara hamsini, labda sitini. Baba alikuwa anaimaliza sahihi yake kwa mkia mrefu unaorudi nyuma. Mkono wangu umeupata mkia huo upesi kuliko nilivyotarajia. Niliogopa kidogo nilipouona.

Halafu gundi ya unga, nyepesi, si ya dukani. Nimeitoa stempu ya zambarau kwenye jalada, nikailaza kwenye mraba wake. Imekaa kama haijawahi kuondoka. Nimeifunika na karatasi, nikaweka juu kamusi na pasi baridi. Ilipokauka nikachovya kalamu ya zamani kwenye wino niliouchanganya na maji uchakae, nikashusha pumzi, nikaunganisha jina.

Niseme kweli, nilifurahi. Niliishika mbali, nikaishika karibu, nikaipeleka dirishani. Hakuna hakimu wala nani atakayejua. Nilijisifu peke yangu chumbani, nikasema, Kibano, hujafa. Nadhani ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimelala vizuri.

Jumatatu, 5 Mei

Dada ameichukua hati. Nimemwonya asiifungue mpaka mahakamani, unyevu utaiharibu. "Sawa, bwana masijala," akasema, akaiweka kifuani ndani ya kanga. Macho yake siku hizi hata sindano anatungiwa na jirani.

Ameniletea shati alilonishonea, la kuvaa siku hiyo. Shingo inabana. Nimesema inanitosha.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekaa mbele ya karatasi hii tangu nirudi na sijui nianzie wapi. Nianze na chumba.

Chumba cha mahakama ni kidogo, madirisha hayafungi, na watu wote tulikuwa tumelowa. Mwenye gari alikaa mbele na wakili wake, mwanamume mnene aliyekuwa akifuta miwani kila dakika. Sisi tulikaa upande wa pili. Dada alivaa nguo aliyozikia mumewe. Wakili wetu alimwomba hati, Dada akaitoa kifuani, mfuko baada ya mfuko, akaiweka mezani.

Yule binti aliifungua. Nilikuwa namtazama usoni, nikingoja afurahi. Alisimama hivyohivyo, kidole kimoja juu ya karatasi. Kisha akainama kwa Dada, akanong'ona, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Mama, hii stempu imetoka wapi?"

"Stempu gani?" Dada akasema.

Hakukuwa na muda zaidi. Yule mnene alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, naomba hati halisi ilinganishwe na nakala iliyowasilishwa na upande wa mama mwezi wa tatu."

Nakala.

Mimi niliyekaa masijala miaka thelathini na mitano. Mimi niliyewafundisha makarani vijana kwamba kabla hujagusa karatasi unauliza kwanza nakala zake ziko ngapi na ziko wapi. Ni somo la siku ya kwanza. Sikuuliza. Nilishika gundi, nikasahau kazi niliyozeekea.

Hakimu aliziweka mbili sambamba. Ni mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. "Nakala hii ina mraba mtupu," akasema. "Hati hii ina stempu na sahihi kamili. Mama, unaweza kunieleza?"

Dada aliomba aletewe karibu. Akaisogeza mpaka puani. Akaupitisha ukucha juu ya stempu, polepole, jinsi anavyopapasa mshono wa mtu mwingine. Kisha akageuka akanitazama mimi, moja kwa moja, si kwa hasira. Nikaangalia viatu vyangu.

"Nimeibandika mimi," Dada akasema.

"Mama!" wakili akasema.

"Nimebandika mimi, mheshimiwa. Niliona pamekaa vibaya."

Chumba kizima kikaguna. Hakimu akaandika muda mrefu. Akasema hati itabaki mahakamani, ipelekwe kuchunguzwa kwa shaka ya kughushi, na mama ataitwa polisi kutoa maelezo. Kesi ya nyumba itatajwa tena Juni.

Ukumbini yule binti alikuwa anakaribia kulia. "Mama yangu, si nilikueleza? Hati isiyo na stempu haitupwi. Tungelipa ushuru wake na faini kidogo, palepale, ingepokelewa. Ndiyo maana hati niliiacha uchi na nakala nikaiweka uchi, ili waone hatufichi kitu. Sasa isiyo na stempu ingeponywa, lakini yenye stempu ya uongo nani ataiponya?"

Dada alimpapasa mkono. "Usilie, mwanangu. Ni uzee."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Hilo ndilo alilotaka kuniambia siku ile ya vifungo. Mraba mtupu ulikuwa hauna shida yoyote.

Tulirudi chini ya mwavuli mmoja, wa Dada. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Usiseme kitu, nitaanguka kwenye matope."

Jumanne, 13 Mei

Sijatoka kitandani.

Jumamosi, 17 Mei

Fundi saa amekuja mwenyewe na mwavuli wangu, habari zimemfikia. Alikaa, akatazama majalada. Nilifungua la kwanza nikamwonyesha ukurasa wa kwanza, nafasi tupu. Hakuhitaji kuelezwa.

"Ya baba yako?"

"Ndiyo."

"Ukaiosha?"

"Ndiyo."

Nilitegemea atanihubiria. Alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. "Polisi wanamwita dada yako lini?"

"Alhamisi."

"Basi una Jumatatu, Jumanne na Jumatano," akasema, akaondoka. Mtu huyu nimemdharau miaka ishirini kwa ajili ya madoa ya chai.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda kwa Dada. Alikuwa anashona, ndoo tatu chini zinapokea maji, kila moja na mlio wake. Nikamwambia nitakwenda polisi kusema ni mimi.

"Kaa kimya, Kibano. Mimi nina miaka sabini na moja. Watanifanya nini, watanifunga? Watanilaza wapi, na mgongo huu? Wewe wakikushika utakufa kwa aibu siku ya pili."

"Ni kosa langu, Dada."

"Najua ni lako. Nimelijua kwa ukucha." Akakata uzi kwa meno. "Umepata kula leo?"

Nimelia pale mbele yake, mtu mzima mwenye mvi. Hakusimamisha cherehani. Nilimshukuru kwa hilo.

Alhamisi, 22 Mei

Nilimtangulia kituoni. Niliyabeba majalada yote saba kwenye gunia, na cheti cha darasa la nne, na hata gazeti nililofanyia mazoezi, maana sikuwa nimelitupa. Karani wa masijala hatupi kitu.

Askari wa zamu alidhani nauza. Nilipomaliza kumweleza, akaita mwenzake, nikaeleza upya. Mwenzake akaita mkubwa wao, nikaeleza mara ya tatu, na kila mara nilieleza vizuri zaidi. Mkubwa alifungua jalada la tatu, akageuza kurasa. "Zote hizi umeziosha?"

"Isipokuwa kumi na moja."

"Kwa nini?"

Swali jepesi. Nikasema nazipenda safi. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko pingu ambazo hawakunifunga. Wameandika maelezo, wamebaki na majalada, nimepewa dhamana. Fundi saa ndiye aliyenidhamini. Kesi yangu ni Agosti. Dada alipofika walimwambia arudi nyumbani, hana hatia.

Alinikuta nje kwenye benchi. Hakuniambia ahsante wala hakunigombeza. Alisema tu, "Shati linakubana shingo, kwa nini hukusema?"

Jumapili, 1 Juni

Mvua zimepungua. Rafu tupu inaonekana kubwa.

Jumatatu, 9 Juni

Hakimu amesoma uamuzi. Hati imekataliwa, kwa kuwa imechezewa haiwezi kusimama kwa lolote. Mashahidi waliotia sahihi wote wamekufa. Hakuna kingine kinachoonyesha Baba alinunua. Nyumba ni ya warithi wa muuzaji, Dada ahame kabla ya mwisho wa mwezi.

Hakimu alisoma kwa upole. Yule mwenye gari alimsalimia Dada mlangoni leo, kwa mara ya kwanza, na shikamoo yake akaitoa. Dada aliipokea.

Jumatano, 18 Juni

Nimepaka chumba cha mbele chokaa. Nimeziba paa.

Jumamosi, 28 Juni

Jua limewaka siku nzima. Dada amehamia. Cherehani imekuja kwenye mkokoteni, kitanda, masanduku mawili, na lile kopo la biskuti. Ameweka nguo zake kwenye rafu ya majalada na zimeenea vizuri.

Alasiri tulikaa kizingitini. Alikuwa anapindua kola ya lile shati langu ipanuke. Bila kuinua macho akasema, "Siku ile nilikuona."

"Siku gani?"

"Wiki ya msiba wa Baba. Nilirudi kuchukua sufuria, nikakuona kwa dirisha la jikoni. Umeiinamia hati na birika linatoa mvuke."

Miaka arobaini na mmoja. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa unalia."

Sikumbuki kama nililia. Yeye anakumbuka.

"Niliporudi jioni nikafungua kopo nikaona umechukua stempu na sahihi ya Baba nusu, nusu umeniachia. Nikasema moyoni, basi vizuri. Nyumba nimepata mimi, na yeye kapata mkono wa baba yake. Nikafurahi kwamba tumegawana." Akavuta uzi. "Nilipopata shida na nyumba, nilikuwa nasema, hata wakiichukua, ile nusu ya Baba iko kwa Kibano, haipotei. Kwake karatasi hazilowi."

Nilimwambia. Nilimwambia habari ya beseni, na maji ya vuguvugu, na kwamba wino ulitoka kwa dakika kumi, na kwamba sahihi waliyoiona mahakamani ni mkono wangu.

Aliendelea kushona mpaka akamaliza kola. Akafunga fundo, akakata.

"Yote ilitoka?"

"Yote."

"Jaribu shati," akasema.

Nimelijaribu. Linanitosha sasa.